Siku Kulwa Alipokula They

Juzi bodaboda mmoja alisimama mbele ya kibanda changu cha chai hapa Somanda, akashusha kiroba, akasema, "Mzigo wako kutoka Mwamapalala. Ndugu yako kasema usimwonjeshe mtu." Sikuwa na haja ya kufungua ndiyo nijue. Harufu ilishashuka kabla ya kiroba. Michembe ina harufu yake, ya kiazi kitamu kilichokatwa vipande kikalala juani mpaka kikasahau kwamba kiliwahi kuwa na maji. Ni harufu ya vumbi na jua, na utamu fulani wa mbali, kama pipi ambayo mtu alishainyonya halafu akairudisha kwenye karatasi yake.

Nikatia kipande kimoja mdomoni. Kabla sijakitafuna vizuri nikajikuta nasema polepole: I, you, he, she, it, we, they. Wateja wanasubiri chapati. Mzee mmoja aliyekuja kumwangalia mgonjwa wake hospitali akaniuliza, "Binti, unasali?"

Nikamwambia, "Hapana mzee, najikumbusha ndugu zangu."

Sasa kwa wewe usiyetujua: mimi ni Doto, na huyo wa kiroba ni Kulwa, pacha wangu. Kwetu pacha anayetoka wa kwanza ni Kulwa, anayefuata ni Doto, basi, wazazi hawaumizi kichwa kutafuta majina. Na majina hayo hayasemi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mimi ni wa kike. Kulwa ni wa kiume, na alinitangulia duniani kwa muda mfupi ambao hautoshi hata kumenya kitunguu, lakini mpaka leo ananiita mdogo wake.

Tulilelewa kama jozi ya viatu. Kulwa akinunuliwa kaptula, mimi nanunuliwa sketi hata kama ya zamani haijachakaa. Mgeni akimpa mmoja wetu pipi, mama anaikata kwa meno, nusu yako, nusu yake. Mama aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba pacha mmoja akipewa na mwingine akanyimwa, yule aliyenyimwa ataugua. Kwa hiyo Kulwa alipopata surua, na mimi nililetewa uji wa mgonjwa wenye sukari na maziwa, wakati nilikuwa mzima kabisa. Sikulalamika.

Hata kuitwa tuliitwa pamoja. Mama alikuwa na kazi nyingi, hakuwa na muda wa kuchagua nani amtume. Alikuwa anapaza sauti kutoka jikoni mara moja tu, "We!", anaivuta mpaka inasikika kama "Wii!". Tunakimbia wote wawili. Tukifika ndiyo anaangalia nani ana mikono misafi.

Tulikuwa darasa la tatu alipoletwa mwalimu mpya wa Kiingereza. Tulimwita Madam tu. Alitokea Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mlenda. Cha kwetu kilikuwa kinakwaruza kidogo, maana nyumbani tulikuwa tunaongea Kisukuma, Kiswahili tulikivaa pamoja na yunifomu. Siku ya kwanza Madam aliingia akakuta ubao umefutwa vizuri, akafurahi, akauliza nani kaufuta.

Masunga, aliyekuwa anakaa mbele kabisa, akajibu kwa woga, "Nene."

Kwetu nene ni mimi. Madam hakujua. Akaanza kutukagua mstari kwa mstari, akitafuta mtoto mnene.

"Mnene yupi?"

"Nene, Madam."

"Nimesikia. Ila yuko wapi?"

Hakumpata. Darasa zima tulikuwa wembamba kama miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Masunga akakosa sifa zake hivihivi, kwa sababu ya kiwakilishi.

Hicho ndicho Madam alichokuja kutufundisha, viwakilishi. Alikuwa amekata maboksi ya sabuni vipande vipande, kwenye kila kipande kaandika jina la mtoto, na chini yake He au She. Tukaambiwa tuvining'inize shingoni kwa uzi. Vipande hivyo aliviandaa kabla hajatuona sura, kwa kusoma majina tu. Cha kwangu kiliandikwa He. Cha Kulwa kikaandikwa She.

Nyie mnajua wavulana wa darasa la tatu walivyo. Mpaka mapumziko, Kulwa alishaitwa "Shi" na shule nzima, hata na wale wa darasa la kwanza ambao Kiingereza walikuwa hawajakianza. Alichofanya, alikigeuza kile kipande upande wa pili, wenye picha ya sabuni. Siku hiyo akashinda yeye ndiye sabuni.

Madam alipogundua alicheka mpaka akakaa. "Nisameheni wanangu. Kulwa niliyesoma naye chuo alikuwa na nywele mpaka mabegani." Sisi tulinyolewa wote, vipara viwili vinavyofanana, kwa hiyo hata yeye hatukumlaumu.

Kilichonivuruga mimi ni maneno yaliyofuata. Madam aliandika ubaoni, akatusomea: kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa jina. Mimi nikayachukua kama yalivyo. Nikajua kumbe Wazungu wamefikiria mambo. Mtu kama hayupo, mwingine anasimama mahali pake, kazi inaendelea.

Na Kulwa alikuwa hayupo mara nyingi. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameenda Lagangabilili kubeba tofali kwenye ujenzi wa maofisi, ng'ombe wakabaki bila mchungaji, baba akasema Kulwa atawapeleka malishoni siku ambazo yeye yuko kwenye pamba. Wiki nyingine Kulwa alionekana darasani mara mbili tu. Basi asubuhi moja Madam akaanza kuita majina.

"Kulwa."

Nikasimama. "Present, Madam."

"Wewe si Doto?"

"Ndiyo, Madam."

"Kulwa yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe. Namsimamia. Mimi ni kiwakilishi chake."

Madam akaweka kalamu chini. "Kiwakilishi chake kipi?"

Nikafikiri vizuri. Anayesimamiwa ni mwanaume. "He," nikasema.

Madam akageukia ubao, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, nikaona nimemgusa. Aliporudi kutuangalia macho yalikuwa na machozi kweli. "Kaa chini, He," akasema. Kuanzia siku hiyo nikaitwa He mpaka muhula ukaisha, na jina langu la Doto likabaki la nyumbani.

Sasa yote hayo ilikuwa ni kucheka tu, mpaka siku Madam alipotangaza. Alisema kabla ya kufunga shule, kila mtoto atakuja mbele aulizwe vitano. Akipata vitatu, sawa. Asiyejua viwakilishi hapandi la nne, atarudia la tatu mpaka vimwingie.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama kama hadithi ya kuchekesha, maana mimi nilikuwa najua vyote, na kwa siri nilishaanza kujiona nikiwa la nne peke yangu, nina dawati langu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Kulwa akibaki, na wewe unabaki," akasema.

"Mayu, mimi najua lakini."

"Ujue usijue. Mmoja aende huku, mwingine abaki kule, halafu akianza kuugua nimuuguze mimi? Mapacha wangu hawaachani. Nitaenda mwenyewe kumwambia huyo Madam."

Na angeenda. Mama yangu aliwahi kumfuata mpiga picha mpaka Bariadi mjini kwa sababu kwenye picha Kulwa alitokea na mimi nikakatwa. Kwa hiyo hapo sikuwa na ujanja. Kupanda kwangu kulikuwa kichwani kwa Kulwa, na kichwa cha Kulwa kilikuwa malishoni.

Nyuma ya zizi letu kulikuwa na mwamba mpana, mama anaanika michembe juu yake. Ng'ombe wakirudi jioni, mwamba bado una joto la mchana, tunakaa hapo, matako yanapata moto, mbu hawajaanza. Ndiyo likawa darasa langu. Nilipanga vipande vya michembe mstari mmoja, kila kimoja kiwakilishi.

"Hiki ni I. Maana yake mimi," nikamwambia.

"I ni Doto," Kulwa akasema.

"Hapana. I ni mimi."

"Si ndiyo wewe? Doto."

"Ukisema wewe, inakuwa wewe. Nikisema mimi, inakuwa mimi."

"Sasa ni ya nani?"

"Ya anayesema."

Akafikiri. "Kama filimbi. Anayepuliza ndiyo ya kwake."

"Eee."

"Sasa mbona hukuisema hivyo toka mwanzo?" Kulwa alikuwa hivyo. Unamfundisha, halafu analalamika kwamba umechelewa.

He na She vilimkera zaidi, na sina la kumlaumu. "Huyo Mzungu," alisema, "mtu akija, yeye lazima ajue kwanza ni wa kike au wa kiume? Sisi tunasema 'amekuja', inatosha. Shida yake nini?"

"Labda anatafuta kuoa."

Mine ilitupa tabu ya aina nyingine. Kulwa aliposikia inavyotamkwa, macho yakamtoka, kwa sababu kwetu maini yalionekana siku ya sikukuu tu. Nikamwambia siyo ya kula hiyo, ni kusema "ya kwangu". Akanyong'onyea kidogo. Lakini It ndiyo ilileta ugomvi kabisa. Nilimwambia kama Madam alivyotuambia: mtu ni He au She, vitu na wanyama ni It.

Kulwa akaangalia zizini. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu anaitwa Salome, baba alimpa jina la mama aliyemuuza. Alikuwa mpole huyo ng'ombe, anamlamba Kulwa kichwa chenye kipara, ndiyo losheni yake.

"Salome ni It?"

"Ndiyo."

"Na ndoo ni It?"

"Ndiyo."

"Salome na ndoo?"

"Kwa Kiingereza."

"Basi Kiingereza hakijawahi kunywa maziwa," Kulwa akasema, akakataa katakata kuendelea jioni hiyo.

Nilipoteza na nyingine moja. Niligeuka kufukuza kuku, niliporudi mstari wangu una pengo mwishoni. "They iko wapi?" nikamuuliza. Kulwa anatafuna, shavu limetuna.

"Wameondoka," akasema.

Na ilibaki We. Hii sikuifikia kamwe. Kila jioni tulipokaribia hapo, jua lilikuwa limeshazama na ugali umeshaiva. Nanyoosha kidole kwenye kile kipande, nasema, "Sasa hii. We ni..." na kutoka jikoni inakuja sauti ya mama, "We!" Tunaacha kila kitu, tunakimbia. Kesho yake hivyohivyo. Nilijiambia moja haitatuua.

Siku ya kuulizwa ilifika, na baba alimpa Kulwa ruhusa ya kwenda shule, yeye mwenyewe akatoka na ng'ombe. Kulwa alipakwa mafuta mpaka akang'aa. Kwenye mfuko wa kaptula alijaza michembe, alisema ni ya kumsaidia kukumbuka. Njiani alikumbuka yote akaimaliza.

Tuliitwa kwa majina. Mimi nilikaa nyuma. Kulwa akasimama mbele, mikono nyuma, anaangalia dirishani kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Madam alimnyooshea kidole Masunga. "He," Kulwa akasema. Sawa.

Akamuuliza I ni nani. Kulwa akanitafuta kwa macho, akaniona, akafurahi. "Doto," akasema. Nikafunika uso. Filimbi ilimtoka kichwani yote.

Tatu, Madam akagusa picha ya ng'ombe iliyobandikwa ukutani. Kulwa akasogea karibu, akainama kidogo, akachungulia chini ya tumbo la picha.

"She."

"Kulwa, tulisema mnyama ni nini?"

"It."

"Sasa?"

"Lakini huyu ana chuchu, Madam."

Darasa likaangua kicheko. Madam akashika kalamu juu muda, haandiki. "Ningekupa nusu," akasema, "lakini nusu sina." Akaweka kosa.

Nne ikawa mine. Kulwa akameza mate, nikajua anafikiria nini. "Ya kwangu," akasema. "Siyo ya kula." Sawa.

Mbili amepata, mbili amekosa, imebaki moja. Nikaanza kuomba iwe yoyote ile, hata They, angalau hiyo alishaila. Kulwa akili ilishahama, kwa mbali kengele za ng'ombe zilikuwa zinapita barabarani na yeye anasikiliza kama ni wa kwetu. Madam akaona hamsikilizi. Akapaza sauti.

"We!"

Niseme ukweli, mimi sikufikiri. Miguu ilifikiri. Nilijikuta nimesimama kule nyuma, nimejibu "Abee!" na mbele Kulwa amejibu "Naam!" wakati uleule, ameshageuka anataka kukimbia. Watoto walicheka mpaka dawati moja likaanguka. Madam alisubiri watulie.

"Sijamwita mtu," akasema. "Nauliza swali. We ni nani?"

Kulwa alimwangalia Madam kwa mshangao, kama unavyomwangalia mtu aliyekuita halafu akasahau kamwita nani. Kwa upole kabisa, ili asimwaibishe, akajigusa kifua. Akanyoosha kidole kuelekea kwangu.

"Mimi na Doto."

Madam akavua miwani. "Umejuaje?"

"Ndivyo tunavyoitwaga nyumbani."

Madam aliangalia dari, akaniangalia mimi niliyesimama bado, akamwangalia Kulwa. "Sahihi," akasema. "Nenda kakae. Na wewe, He, nani alikuita?"

"Nilisikia kama mama," nikasema.

Mimi nilipoulizwa vyangu nilikosa kimoja. Aliniuliza They, na mimi kwa furaha niliyokuwa nayo nikamwambia wameliwa.

Nyumbani mama alitusubiri kwenye njia ya kuingilia, ungo mkononi, khanga imefungwa kwa safari. Alikuwa tayari kwenda kwa Madam kama mmoja amebaki. "Mmepanda?" akauliza. Kulwa akajibu, "Tumepanda." Mama akafungua khanga, akarudi jikoni, na jioni ile kwenye mboga akatugawia nyama. Akaziangalia mbili zile, akamega kidogo kwenye yangu, akaongeza kwenye ya Kulwa, akaziangalia tena, akarudisha.

Tulimaliza la saba wote wawili, dawati moja, na shule yetu iliishia hapo, pamoja. Kiingereza changu ni cha kumwambia mteja "thank you" na kuhesabu chapati. Lakini nikiwasikia wanafunzi wa uuguzi wanaokunywa chai hapa wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, neno hilo moja bado linanichanganya. We ya Kiswahili ni mtu mmoja. Ya Kiingereza ni watu, hata mia. Ya mama yangu ni wawili, hawazidi, hawapungui, na ndiyo niliyoijua mapema kuliko zote.

Wateja walipopungua nikampigia Kulwa.

"Mwadila," nikamsalimu.

"Mwadila, mdogo wangu."

"Mzigo umefika. Mbona kiroba hakijajaa?"

Nikasikia mtu anatafuna.

"Wakati namsubiri bodaboda nilionja They tu," akasema. "Waliobaki ni We."

Nilitaka kumjibu, nilikuwa na jibu zuri kabisa, la kumkera mpaka jioni. Lakini kwa nyuma yake, kutoka jikoni kule Mwamapalala, ikaja sauti ya mama, imekwaruza siku hizi ila nguvu bado anayo.

"We!"

"Subiri, anatuita," Kulwa akasema, akakata simu.

Na mimi huku Somanda, birika mkononi, nilikuwa nimeshasimama.